Kiondo cha Simu

Kocha Erastus alikuwa na sheria ambayo hata mchezaji mkaidi namna gani aliifuata: jioni ya kuamkia mechi, simu zote ndani ya kiondo. Siyo mfukoni, siyo chini ya mto, siyo "Kocha, nimeshaizima, wallahi." Ndani ya kiondo. Kilikuwa kiondo cha katani chenye mistari myekundu, amekisuka mkewe Mueni kwa mikono yake kule Machakos, na wachezaji pale chuoni walikiogopa kuliko filimbi. Simu iliyoingia humo Ijumaa ilitoka Jumamosi mechi ikiisha, na ole wake aliyethubutu kuomba yake mapema.

"Mchezaji mwenye simu ana vichwa viwili," alipenda kusema. "Kimoja kiko uwanjani, kingine kinagombana na shemeji."

Vijana walicheka, naye aliwaacha wacheke. Walikuwa wanafunzi wa kigeni katika chuo kimoja kaskazini mwa Guangzhou, Uchina, Wakenya, Wakongo, na wengine wa huku na huku, wengi wao watoto na wapwa wa wafanyabiashara wa mitaa ya Xiaobei na Sanyuanli. Mchana darasani, jioni uwanjani, na siku zisizo na masomo utawaona kwenye barabara ya Guangyuan Xilu wakiwasaidia wajomba zao kuchagua mizigo ya nguo. Erastus aliwafundisha mpira mwaka wa saba sasa. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, tumbo limeanza kumtangulia mlangoni, goti la kulia linalia mvua ikikaribia, na Guangzhou mvua haikaribii, inaishi humo humo.

Sheria ya pili hakuiandika popote. Aliisema kila Septemba, wageni wakishapewa jezi na kukaa kwenye nyasi.

"Hapa hakuna siri," alisema. Kisha akawasimulia.

Alikuwa winga wa kulia katika chuo cha ualimu karibu na Webuye. Mbio alikuwa nazo, miguu alikuwa nayo, na kocha wao, Mwalimu Alphonce, alimpenda kama mwana. Wiki ya fainali, Alhamisi, ndugu walikuja ofisini kwa mkuu wa chuo na habari: baba yake Erastus amefariki, mazishi Jumamosi. Mwalimu Alphonce akawaambia wale ndugu, mwacheni kijana acheze, mimi nitamwambia. Wakakubali. Jumamosi Erastus akafunga bao la ushindi, akabebwa juu juu na chuo kizima kikiimba jina lake. Alipewa habari ndani ya lori, njiani kurudi, kombe likiwa mapajani mwake. Kumbe wakati yeye anashangilia na shati amelivua, baba yake anateremshwa kaburini, na mahali pa mwana mkubwa pa kutupa udongo wa kwanza akasimama binamu.

"Mwalimu Alphonce alipokufa," alimalizia, "mimi ndiye nilikuwa kocha wa chuo kile kile. Nyumba yake ilikuwa mwendo wa kutembea. Sikwenda kumzika. Kwa hiyo nawaambia nyinyi: likitokea la kutokea kwenu, mtalijua siku hiyo hiyo, kutoka kwangu, hata kama tuko katikati ya fainali."

Hapo hakuna aliyecheka. Na hakuna aliyesikiliza kwa makini kama Précieux, kiungo kutoka Lubumbashi, aliyekuja akiwa mwembamba kama ufito na sasa ndiye nahodha. Précieux alilelewa na mama peke yake. Kila jioni lazima amsikie. Wenzake walimtania wakamwita "Mtoto wa Simu", lakini jioni ikifika na mama Marie-Louise akionekana kwenye kioo, timu nzima ilijazana nyuma ya kijana kumsalimia, na Kocha naye hupunga mkono kwa mbali.

Basi mwaka ule wakafika fainali ya vyuo vya jiji. Ilikuwa mara ya tatu kwa Erastus. Mbili za kwanza alizipoteza, moja kwa penalti, nyingine kwa uzembe wa mabeki ambao hadi leo ukiutaja anashika kichwa. Safari hii Mkurugenzi wa michezo, Bwana Liang, alimwita, akammiminia chai, na akazungumza kwa upole ule unaokutisha zaidi ya makelele. Chuo kinapunguza timu. Ya wageni haijawahi kuleta kombe. Likija, mkataba unaongezwa. Lisipokuja, mkataba unaisha Juni, na Juni ni Juni.

Erastus alielewa. Bila mkataba hakuna viza, na bila viza ni ndege ya kurudi. Kurudi wapi? Chuo chake cha zamani kilishampa nafasi yake kijana mmoja mwenye vyeti vingi. Mtu hajui kazi nyingine zaidi ya kusimama pembeni ya mstari akipiga kelele. Ukimwondoa hapo anabaki nini? Anabaki mzee wa goti bovu anayesimulia mechi ambazo hakuna mtu anayezikumbuka. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi, wala siyo mshahara.

Alhamisi ya wiki ya fainali akapigiwa simu na Clément, mjomba wa Précieux, mdogo wake Marie-Louise. Clément alikuwa na ofisi ya kusafirisha mizigo katika jengo la maduka la Tianxiu, chumba kimoja kilichojaa marobota mpaka unaingia kwa ubavu. Erastus alipofika, mteja mmoja alikuwa bado anabishana juu ya nafasi ya kontena, na msichana wa mezani anamjibu "meiyou, meiyou", hakuna, hakuna. Clément akawatoa wote wawili nje.

"Funga mlango, Kocha," alisema.

Erastus akafunga. Alijua kabla hajaambiwa. Watu wetu hawafungi mlango kwa habari njema.

"Dada yangu ni mubaya sana," Clément alisema. "Figo. Yuko hopitali tangu juzi, wamemuwekea mashine ya pumzi. Docteur anasema ataivuka hii wiki. Lakini baada ya hapo..." Akafungua kiganja chake, hakuna kitu ndani.

"Précieux anajua?"

"Hapana! Ndiyo maana nimekuita. Nitamwambia nini, peke yake kule bwenini? Atarukwa na akili. Wewe unajua vile tunafanya. Mutu akiwa mbali hapewi habari mukononi kama barua. Anamaliza kile anafanya, halafu wakubwa wanamukalisha chini. Siku ya Jumapili tutamukalisha. Tiketi nimeshaitafuta, Jumatatu anapanda ndege."

"Na mama? Mama anasema nini?"

Clément aliangalia marobota yake. "Anamuuliza mutoto. Kila mara anamuuliza."

Hapa ndipo ningependa kusema Erastus aligonga meza. Maneno yalimjia mpaka kwenye meno: mwambieni leo, Clément, mwambieni sasa hivi, mimi nilifanyiwa hivi hivi na sijapona. Alikuwa nayo yote. Lakini kifuani, chini kabisa, kuna kitu kilipumua. Nahodha atacheza. Kitu hicho kilifurahi, na Erastus alikisikia kikifurahi, akakichukia, wala hakukifukuza.

"Jumapili, basi," alisema.

"Aksanti, Kocha. Wewe ni mutu muzima."

Akarudi kwa treni ya chini ya ardhi, amesimama ingawa viti vilikuwepo. Njia nzima alikuwa akijitetea. Siyo mimi niliyeamua, ni mjomba. Mjomba ni wa damu, mimi ni nani? Daktari kasema ataivuka wiki. Na mama bado yu hai, siyo kama baba yangu mimi, aliyekuwa ameshakufa. Tofauti kubwa! Alijihesabia hoja zake moja moja, na kila aliyoitaja ilisimama vizuri, lakini aliposhuka kituo cha Sanyuanli hakuwa na hata moja.

Ijumaa jioni kiondo kilizunguka. Geoffrey, golikipa, Mnairobi mwenye mdomo usiotulia, alibusu simu yake kabla ya kuitumbukiza. "Lala salama, mrembo. Kesho tukishawanyorosha hawa wasee nitakuwa na story za kukuambia." Wakacheka. Zikaingia nyingine. Précieux akawa wa mwisho, na akabaki ameishika yake.

"Kocha, naomba nimpigie mama kwanza. Kidogo tu. Jana hakuchukua, na juzi kaka yangu alichukua akasema mama analala. Saa ile mama halalagi."

Chumba kilikuwa na fulana zilizoanikwa, na harufu ya dawa ya misuli. Wenzake walikuwa wameshaanza kutoka. Erastus alimtazama kijana machoni, kisha akamtazama kwenye paji la uso, mahali ambapo mtu hutazama akitaka kusema uongo.

"Mama yako ni mtu wa soko, anachoka," alisema. "Kesho baada ya mechi utampigia na habari nzuri. Weka."

"Kocha, dakika moja."

"Précieux. Wewe ndiye nahodha. Nikikuruhusu wewe, nitamzuia nani?"

Kijana akaweka. Hakununa hata. Aliweka taratibu juu ya nyingine kioo kikiangalia juu, akasema, "Sawa, Kocha, kesho basi," akaenda kulala. Mchelea mwana kulia hulia yeye, walisema waliotutangulia, na wangemwona Erastus usiku ule wasingehitaji kuongeza neno.

Jumamosi mvua ya manyunyu, uwanja umeteleza, watu wetu wamejaa upande mmoja na ngoma zao. Akina mama wa Tianxiu wamefunga maduka, Wakenya wamekuja na vuvuzela sijui wamezitoa godauni gani. Dakika za mwanzo tu wakafungwa. Bao la kijinga, Geoffrey alitoka akadhani beki amebaki, beki akadhani Geoffrey ametoka kweli. Kipindi cha kwanza kikaisha hivyo, na kule jukwaani Bwana Liang alikuwa anaongea na jirani yake, haangalii hata uwanja.

Mapumziko, Erastus aliongea nao vizuri. Aliwaambia winga wao wa kushoto harudi nyuma, pigeni huko. Aliwaambia watulie. Wakaanza kutoka, na yeye akabaki nyuma kuchukua jaketi lake lililokuwa juu ya kiondo. Alipoliinua aliona mwanga.

Simu ya juu ilikuwa inaita kimya kimya, ikitetemeka juu ya nyingine kama mdudu aliyepinduka. Kwenye kioo: *Maman*. Na picha yake, kitambaa cha kichwa cha njano, anacheka.

Kule Lubumbashi ilikuwa asubuhi. Erastus alisimama na jaketi mkononi. Mlango ulikuwa wazi. Alimwona Précieux mgongoni, namba nane, hayuko mbali hata wa kupigiwa kelele, ungemwita kwa sauti ya kawaida angegeuka. Kidole chenyewe cha Erastus kilishafika kwenye kioo. Mwite, alijiambia. Mwite, mpumbavu wewe, mwite! Filimbi ya refa ikalia. Simu ikanyamaza. Halafu ikaanza upya.

Alirudisha jaketi juu ya kiondo, akalibana pembeni ili mwanga usionekane, akatoka.

Kipindi cha pili kila mtu anakijua, maana video zake zilizunguka Guangzhou yote. Précieux alicheza mpira ambao hakuwahi kuucheza na sijui kama ataucheza tena. Alimtengea mwenzake la kwanza. La pili alilifunga mwenyewe, kutoka mbali, mpira umelowa, kipa akabaki ameshangaa. Kisha akakimbia hadi kwa kocha wake, akamkumbatia mbele ya uwanja mzima na kumpigia kelele sikioni, "Hii ni ya mama! Hii ni ya mama, Kocha!" Erastus alimkumbatia. Watu walioona machozi yake walisema, tazameni mzee anavyolia kwa furaha.

Mechi ilipoisha, Clément alikuwa kwenye mlango wa uwanja na wanawake wawili. Ukimwona mtu amevaa kofia nyeusi siku ya kombe, huulizi. Alimchukua mpwa wake pembeni, na akasema alichotaka kusema: ilikuwa ghafla, saa hizi hizi, hakuna aliyetegemea. Kijana alipiga magoti kwenye maji na medali shingoni. Erastus alileta simu ya kijana kutoka kwenye kiondo, akamkabidhi kwa mikono miwili kama anayetoa rambirambi.

Jumapili asubuhi ujumbe wa Bwana Liang ulikuwa unamngoja. Hongera, aje Jumatatu kusaini, miaka mitatu. Erastus aliusoma akiwa bado kitandani, akaugeuza uso wa simu chini.

Mchana alikwenda msibani. Lilikuwa ghorofa la kupanga Sanyuanli, nyumba ya Clément, viti vimetolewa na mikeka imetandikwa, picha ya Marie-Louise mezani na mishumaa. Wakongo waliimba zaburi zao za Kifaransa na za Kiswahili. Wakenya walikaa upande wa dirisha wakishusha sauti. Erastus alitaka kukaa karibu na viatu mlangoni, hawakumruhusu. Kocha? Mlangoni? Walimpisha hadi mbele, wakamkalisha kwenye sofa, ubavuni mwa mfiwa.

Précieux alimwegemea. Kwa kweli alimwegemea, bega kwa bega, mzigo wake wote, kama mtoto aliyechoka njiani. 

"Kocha," alisema mwishowe, "mama ameniachia sauti. Alipiga, sikuchukua, akaacha sauti. Kuna salamu yako ndani, na salamu ya marehemu haikawishwi."

Akaweka simu katikati yao, akabonyeza. Ilisikika pumzi kwanza, na mashine. Halafu sauti, ndogo, inayokatika.

"Précieux, mutoto yangu. Nilitaka tu kusikia sauti yako. Bananiambia uko na match. Ni muzuri, cheza. Usiogope. Na ile coach yako... umuambie aksanti. Umuambie mama anasema, kwa sababu baba hauna, yeye njo baba."

 Sasa, Erastus alijiambia, mwambie sasa, akiwa amekuegemea. Usimwache aisikie kwa mtu mwingine. Alifungua mdomo. Alisema, "Précieux, mwanangu, mimi..." na hapo Clément akasimama katikati ya chumba akapiga makofi mawili kuomba utulivu.

"Bandugu zangu," Clément alisema, macho mekundu, sauti ya mtu aliyekesha. "Kabla ya kula, niko na mutu wa kushukuru. Munajua huu mutoto angeweza kubomoka peke yake kule chuoni, hakuna mukubwa wa kumushika. Lakini tulipata mutu wa akili. Tangu jeudi mimi nilimuita Kocha, nikamuambia dada yangu anaenda. Tangu Alhamisi! Mutu mwingine angeropoka. Yeye alifunga kinywa, akamuchunga kijana, akamuacha acheze kwa amani. Kocha, Mungu akubariki. Huo ndio utu."

Watu wakaitikia amina. Wanawake wakatikisa vichwa kwa kukubali. Mzee mmoja wa Kikenya alinyoosha mkono nyuma ya sofa akampiga Erastus begani, pole pole, mara kadhaa. Hata mmoja hakuona ubaya. Wote wangefanya vile vile, na wengi wao walishafanya.

Uzito ulitoka begani kwake. Précieux hakuruka wala hakupiga kelele. Aliketi wima tu, kukawa na nafasi ya kiganja kati yao.

"Tangu Alhamisi, Kocha?"

"Tangu Alhamisi."

"Ijumaa nilipokuomba dakika moja, ulijua."

"Nilijua."

"Na simu ilipoita?"

Erastus angeweza kusema hakuiona. Alishafungua mdomo kuusema uongo huo, lakini picha yenye kitambaa cha njano ilikuwa inamtazama kutoka mezani. "Niliiona," alisema. "Niliifunika."

Kijana alitikisa kichwa kidogo, kama darasani mwalimu akishafafanua jambo gumu na mwanafunzi amelielewa. Hakuwa na hasira usoni. Laiti angekuwa nayo.

"Yule mwalimu wako," alisema Précieux. "Ulituambia hukwenda kumzika."

Basi. Akainuka, akavuka mkeka, akaenda kukaa upande wa pili karibu na shangazi zake, akaiweka simu kifuani mwake kwa mikono yote miwili. Jumatatu alipanda ndege. Chuoni hakurudi.

Chakula kikaletwa. Mama mmoja wa Tianxiu aliyekuwa akigawa alisimama mbele ya Erastus na kumwona analia, akamwonea huruma, akamwekea ugali, mboga, na kipande cha pili cha samaki ambacho wengine hawakupata. Akamwambia ale, asife moyo, mtu mwema kama yeye hapaswi kulala na njaa.